Mama wa kahawa yuko kwetu, nani anamtunza?

Februari 22, 2025, viongozi na mawaziri wa nchi za Afrika zinazolima kahawa walihitimisha mkutano wao wa siku mbili jijini Dar es Salaam. Ajenda kubwa ilikuwa ajira kwa vijana na namna ya kuacha kuuza kahawa ghafi nje ya bara. Siku tatu baadaye, jijini Rome, Italia, wajumbe wa mkataba wa dunia kuhusu bioanuwai walizindua Mfuko wa Cali, ambao kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa za vinasaba vya mimea na wanyama zinatakiwa kuuchangia.

Mikutano hiyo miwili haikuandaliwa kwa pamoja. Lakini kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki inakutana mahali pamoja: kwenye mti mdogo wa porini unaoota chini ya kivuli cha misitu ya milimani, kuanzia Sudan Kusini hadi magharibi mwa Tanzania. Wataalamu wanauita *Coffea eugenioides*. Kwa lugha nyepesi, ni mama wa kahawa ya Arabika.

Neno mama hapa halitumiki kwa kupamba. Uchunguzi wa vinasaba umethibitisha kwamba Arabika ilizaliwa pale spishi mbili za mibuni ya porini zilipochavushana. Baba alikuwa Robusta. Mama, ambaye alama yake ya urithi bado inasomeka ndani ya majani ya kila mbuni wa Arabika duniani, alikuwa huyu mbuni mdogo wa milimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Genetics uliweka tukio hilo kati ya miaka 610,000 na 350,000 iliyopita. Ndiyo maana Arabika ina kromosomu 44, wakati mibuni mingine yote ina 22.

Kwa hiyo kila kikombe cha Arabika, kiwe kimenywewa Kariakoo, Kampala au Chicago, kina damu ya mti ambao makazi yake ya asili yako Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), Tanzania na Sudan Kusini. Zote saba ni wanachama wa Jumuiya. Ni nadra kupata rasilimali inayolingana na ramani ya Jumuiya kwa kiasi hicho.

Mti wenyewe

Mtu anayepita msituni anaweza kuupita bila kuugundua. Ni mti mwembamba wa mita chache, wenye majani madogo kuliko ya mbuni wa shambani, maua meupe na matunda madogo yanayoiva kwa wekundu. Huota kwenye miinuko ya kati ya mita 1,000 na 2,100 hivi, chini ya miti mikubwa. Buni zake ni ndogo, na mavuno ya mti mmoja ni haba mno kiasi kwamba hakuna mkulima aliyewahi kuutegemea kulipia ada ya shule.

Sifa yake iko ndani ya tunda. Kafeini yake ni takriban nusu ya ile ya Arabika au chini ya hapo, na kinywaji chake kina utamu wa asili usio na ukali. Kwa miaka mingi sifa hizo zilibaki kwenye maandishi ya watafiti. Mwaka 2021 zikatoka.

Katika mashindano ya dunia ya watayarishaji wa kahawa yaliyofanyika Milan mwaka huo, Diego Campos wa Colombia alitwaa ubingwa kwa kutumia kahawa ya spishi hii. Washindi wa pili na wa tatu, kutoka Marekani na Australia, nao waliitumia. Kahawa hiyo haikutoka Nandi, Kibale wala Kigoma. Ilikuwa imelimwa Colombia, kwenye shamba lililo milimani karibu na mji wa Cali, mji uleule uliolipatia jina lake Mfuko uliozinduliwa Rome.

Hakuna ubaya kwa mkulima wa Colombia kuotesha mbuni ambao wengine waliuacha porini. Alichofanya ni kuona thamani, kuwekeza na kusubiri. Swali linabaki kwa nchi zenye mti: ikiwa soko la kahawa adimu limeanza kulipa bei ya juu kwa spishi hii, kwa nini hakuna hata moja kati yao iliyokuwepo mezani?

Deni la mkulima wa kawaida

Mkulima wa Kirinyaga, Mbinga au Mbale anaweza kuuliza mashindano ya Milan yanamhusu nini. Jibu haliko kwenye vikombe vya mabingwa. Liko kwenye magonjwa.

Chulebuni, ugonjwa unaooza matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Kutu ya majani iliripotiwa mwaka 1861 kwenye kahawa ya pori karibu na Ziwa Victoria, kabla ya kuvuka bahari na kuteketeza mashamba ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Maradhi haya mawili yamekuwa yakila mapato ya wakulima wa Arabika kwa vizazi kadhaa, na gharama ya dawa ya kunyunyizia imewafanya wengi kung'oa mibuni.

Nafuu ilitoka wapi? Kenya ilipotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, ndani yake kulikuwa na urithi wa mbuni unaoitwa Rume Sudan, uliotoka kwenye uwanda wa juu wa Boma, Sudan Kusini ya leo. Huo ndio uliochangia ukinzani dhidi ya chulebuni. Ukinzani dhidi ya kutu ulitoka kwenye chotara la Arabika na Robusta lililopatikana kisiwani Timor, Asia. Kwa maneno mengine, mkulima wa Mlima Kenya asiye na mtaji wa dawa aliokolewa na mti wa porini wa jirani yake wa kaskazini. Nchi hizo mbili zilikuja kukaa pamoja ndani ya Jumuiya mwaka 2016, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Uganda ina somo lake. Ugonjwa wa mnyauko uliogunduliwa huko mwaka 1993 uliua karibu nusu ya mibuni yake ya Robusta, kisha ukaonekana Kagera. Watafiti wa Uganda walipata miche inayostahimili kwa kuchambua utofauti uliokuwepo ndani ya Robusta ya nchi yao wenyewe. Kama utofauti huo ungekuwa umeshapotea, Uganda isingekuwa na mahali pa kutafuta.

Arabika haina bahati hiyo. Kwa kuwa ilizaliwa katika tukio la nadra na kusambazwa duniani kwa mbegu chache, utofauti wake wa vinasaba ni mdogo sana. Ugonjwa mpya au joto likizidi, hauna akiba kubwa ya ndani ya kujibu. Ndiyo maana watafiti wanarudi kwa wazazi: Robusta, na huyu mbuni wa milimani. Kuwachavusha upya wazazi hao ni miongoni mwa njia zinazofikiriwa za kuipa Arabika damu mpya. Anayewatunza wazazi anashika ufunguo.

Mbegu zilivyoondoka

Mwaka 1977 watafiti kutoka Ufaransa walizunguka misitu ya Kenya wakikusanya mibuni ya porini, na mwaka 1982 wakafanya hivyo Tanzania. Sehemu kubwa ya walichokusanya ilipandwa Ivory Coast, nchi ambayo si asili ya spishi hii. Mikusanyo mingine mikubwa ya mibuni iko Turrialba, Costa Rica. Wakati huo halikuwa kosa lolote. Mimea ya porini ilihesabiwa kuwa urithi wa binadamu wote, na aliyefika nayo maabara hakuwa na deni kwa aliyebaki na msitu.

Hali ilibadilika kwa Mkataba wa Bioanuwai uliofunguliwa Rio mwaka 1992 na kuanza kazi Desemba 29, 1993. Mkataba huo ulisema wazi kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za vinasaba zilizo ndani ya mipaka yake. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, iliongeza masharti: anayetaka kuchukua aombe idhini kwanza, na faida igawanywe kwa makubaliano.

Tatizo ni kwamba mkataba haurudi nyuma. Ethiopia ililionja hilo mwaka 2004, wanasayansi wa Brazil walipotangaza kwamba wamepata mibuni ya Arabika ambayo kwa asili ina kafeini kidogo mno. Mibuni hiyo ilitokana na mbegu zilizokusanywa Ethiopia katika miaka ya 1960, zikapitia Costa Rica na kufika Brazil mwaka 1973. Addis Ababa ililalamika. Lakini mbegu zilikuwa zimeondoka miaka mingi kabla ya mkataba kuwepo, na malalamiko hayana nguvu ya kisheria pale ambapo sheria haikuwepo.

Mibuni iliyoondoka Kenya na Tanzania miaka ya 1977 na 1982 iko katika kundi hilohilo. Kinachoweza kulindwa leo ni kile ambacho bado kiko msituni na hakijakusanywa.

Mti mmoja, milango saba

Hapa ndipo suala linapokuwa la Jumuiya na si la nchi moja moja. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni wanachama wa Itifaki ya Nagoya. Kila moja ina ofisi zake, vibali vyake na viwango vyake. Mti hauna pasipoti. Mtafiti au kampuni ikikuta masharti ya Nairobi ni magumu, inaweza kutafuta mti huohuo upande wa pili wa mpaka, mahali ambapo usimamizi ni dhaifu au afisa mhusika hana hata gari la kufika msituni. Nchi moja ikiweka bei, nyingine inaweza kuuza kwa bei ya kutupa. Mwisho wake zote zinapata kidogo.

Waandishi wa Itifaki waliliona hilo. Ibara ya 11 inazitaka nchi zenye rasilimali moja ya vinasaba kujitahidi kushirikiana, na pale inapofaa kuwahusisha wenyeji wa maeneo husika. Ibara hiyo inafaa Jumuiya kana kwamba iliandikiwa Arusha. Tayari nchi wanachama zinashirikiana kusimamia Ziwa Victoria kupitia kamisheni yenye makao yake Kisumu. Samaki anayevuka mpaka ndani ya maji amepatiwa chombo cha pamoja. Mbuni unaovuka mpaka juu ya milima haujapata heshima hiyo.

Kuna pengo jingine. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za vinasaba vya mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka 2001, uliweka utaratibu wa pamoja wa kubadilishana mbegu za mazao kadhaa makuu kama mpunga, ngano na mahindi. Kahawa haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Maana yake ni kwamba kila mbuni unaoombwa unajadiliwa kivyake, kati ya mwombaji na nchi. Katika mazungumzo ya namna hiyo, nchi inayoingia peke yake ikiwa na mwanasheria mmoja huketi mbele ya kampuni yenye jopo zima.

Halafu kuna suala la taarifa. Siku hizi si lazima mtu abebe mbegu. Mpangilio wa vinasaba ukishasomwa na kuwekwa kwenye kompyuta, mtafiti aliye upande wa pili wa dunia anaweza kuutumia bila kugusa jani. Mfuko wa Cali uliundwa kwa ajili hiyo. Kampuni kubwa katika sekta kama dawa, vipodozi na uzalishaji wa mbegu zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Udhaifu wake uko wazi: uchangiaji ni wa hiari. Hata hivyo fedha zikija, zitawafikia waliojipanga kuzipokea. Jamii inayoishi kando ya msitu wenye mibuni ya mama, lakini haimo kwenye daftari lolote la serikali, haitaonekana kutoka Rome.

Msitu ndio ghala

Wapo wanaodhani suluhisho ni kuchukua mbegu na kuzifungia kwenye jokofu. Kwa mahindi au mtama inawezekana. Kwa kahawa ni vigumu, kwa sababu mbegu yake haivumilii kukaushwa na kugandishwa kama nafaka. Uhai wake hupotea katika muda mfupi. Namna ya kuaminika ya kuihifadhi ni mti ulio hai, shambani kwenye kituo cha utafiti au msituni kwenyewe. Kituo kina gharama za palizi, maji na walinzi kila mwaka, na bajeti za utafiti ndizo hukatwa mwanzo. Msitu unajitunza, ilimradi usikatwe.

Mwaka 2019 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walichapisha tathmini ya spishi zote 124 za mibuni zilizojulikana wakati huo. Asilimia 60 zilikuwa katika hatari ya kutoweka. Asilimia 45 hazikuwa katika mkusanyo wowote wa hifadhi ya vinasaba, na asilimia 28 hazikujulikana kuwepo ndani ya eneo lolote lililohifadhiwa. Arabika ya porini yenyewe iliwekwa kwenye kundi la spishi zilizo hatarini.

Takwimu hizo zinaelekeza kidole kwenye misitu ya milimani, ambayo katika ukanda huu imezungukwa na watu wengi wanaohitaji kuni, malisho na ardhi ya kulima. Rwanda ilishuhudia msitu wa Gishwati ukipoteza zaidi ya asilimia 90 ya eneo lake kabla ya kuanza juhudi za kuufufua na kuufanya sehemu ya hifadhi ya taifa. Mashariki mwa DRC, vita vimewasukuma watu kwenye misitu, na hakuna mtaalamu wa mimea anayeweza kufanya kazi kwa utulivu katikati ya milio ya risasi. Mti wa mita chache chini ya kivuli huondoka pamoja na kivuli chake, na hakuna anayeandika tanzia.

Hoja za upande wa pili

Kuna sababu za kutokimbilia mti huu kana kwamba ni dhahabu. Uganda ilijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa fedha za kimataifa, ulianzishwa mradi wa kuuza kahawa ya Robusta ya porini kutoka msitu wa Kibale ili mapato yawafaidishe wanaoishi kandokando na kuulinda msitu. Wazo lilikuwa zuri. Mradi haukufika mbali, kwa sababu soko halikuwa limechunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza. Wanunuzi walipenda hadithi, lakini hawakuwa tayari kuilipia kwa kiasi kilichotarajiwa. *Coffea eugenioides*, yenye mavuno haba zaidi, inaweza kurudia kisa hicho kama kila wilaya itaambiwa ipande na kusubiri wateja wa Milan.

Hoja ya pili inatoka kwa wanasayansi. Wanaonya kwamba vibali vikizidi, utafiti unakwama, na anayeumia mwanzo ni mtafiti wa Ruiru, Lyamungo au Kituza anayehitaji sampuli kutoka nchi jirani. Hoja hiyo ina uzito. Tena ukanda huu wenyewe unakula mahindi yaliyotoka Mexico, mihogo na maharage yaliyotoka Amerika. Jumuiya ikifunga milango yote, na yenyewe itafungiwa.

Hoja zote mbili hazifuti haja ya kujipanga. Zinaonyesha tu sura ambayo mpango unatakiwa kuwa nayo: njia nyepesi kwa watafiti wa ndani ya Jumuiya, masharti yanayofanana kwa anayekuja kibiashara, na tahadhari dhidi ya kuwaahidi wakulima utajiri ambao mti hauwezi kuuzaa.

Kinachowezekana sasa

Hatua ya kwanza haihitaji mkataba mpya. Ni daftari la pamoja: kila nchi kati ya saba ieleze mbuni huu uko msitu gani, kwa wingi gani, na nani anaishi jirani nao. Taasisi za kufanya kazi hiyo zipo, kuanzia TaCRI ya Tanzania na kituo cha Ruiru cha Kenya hadi ISABU ya Burundi na INERA ya DRC. Zote zinafahamu kahawa. Kinachokosekana ni agizo la kuzifanya zifanye kazi kwa pamoja.

Hatua ya pili ni mkataba mmoja wa mfano wa kugawana faida, utakaotumiwa na nchi zote kwa spishi zinazovuka mipaka. Ethiopia ilionyesha thamani ya kusimama imara ilipozozana na kampuni ya Starbucks kuhusu majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, mzozo uliomalizika kwa makubaliano mwaka 2007. Ethiopia iliweza peke yake kwa sababu majina yalikuwa yake peke yake. Mama wa kahawa ni wa nchi saba, hivyo hakuna nchi moja inayoweza kumsemea.

Hatua ya tatu inawahusu walio karibu zaidi na mti. Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna buni na kuzitumia kukaribisha wageni na kufunga udugu kabla mkoloni hajaleta mnada. Ujuzi wa kuishi na mbuni haukuanzia kwenye maabara. Familia inayoacha kipande cha msitu kisimame inafanya kazi ya kutunza ghala la kahawa ya dunia nzima, na mpaka leo inaifanya bure.

Februari ile ya mkutano wa Dar es Salaam, bei ya Arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Bei ya namna hiyo ina pande mbili. Inaweza kulipia ulinzi wa misitu, au inaweza kumshawishi kila mwenye panga kuifyeka ili aongeze eka ya kahawa. Serikali za ukanda huu ndizo zitakazoamua bei hiyo itasukuma upande gani, na msimu wa kuamua ni huu ambao mti bado upo.